Uhakiki: "Bodi ya njia ngapi?" ni swali zuri, lakini halitoshi

Ukiingia duka la vifaa vya umeme kutafuta bodi ya taa, swali la kwanza utakaloulizwa ni "njia ngapi?" La pili, kama lipo, ni "ampea ngapi?" Ukijibu njia 12, ampea 100, unapewa boksi, unalipa, unaondoka. Leo tunaihakiki desturi hiyo. Si kwamba mafundi hawajui kazi. Bodi nyingi zimenunuliwa hivyo na taa zinawaka. Hoja yetu ni kwamba desturi hii imerithiwa kutoka enzi ambayo tatizo la taa lilikuwa lingine.

Kwanza tuelewane kuhusu basiba. Ni ule ukanda wa shaba (au alumini) ndani ya bodi, unaopokea umeme kutoka swichi kuu na kuugawa kwa kila breka. Ukipata hitilafu wenyewe, hakuna breka ndogo itakayouokoa, maana zote ziko mbele yake.

Ampea: jibu la swali la zamani

Namba ya ampea inajibu swali moja: ukanda utapata joto kiasi gani ukibeba mzigo wa kawaida? Enzi za balbu za nyuzi, swali hilo lilikuwa na uzito. Balbu 100 za wati 60 ni wati 6,000. Kwa volti 230, hiyo ni ampea 26 hivi. Badilisha uweke LED za wati 9: wati 900, ampea 4 hivi. Tuseme hata ni 8, kwa kuwa LED ndogo nyingi huvuta mkondo mkubwa kuliko wati zake zinavyoonyesha. Basiba ya ampea 100 hapo inacheka tu. Kwa hiyo anayepandisha mpaka 160 "kwa usalama" analipia tatizo ambalo karibu limeisha.

Shoti haijali una taa ngapi

Mkondo wa shoti unategemea transfoma, pamoja na urefu na unene wa nyaya kutoka kwake hadi kwenye bodi. Chukua transfoma ya kVA 500, volti 400, yenye kizuizi cha ndani cha asilimia 4. Mzigo wake kamili ni ampea 722 hivi. Shoti ikitokea kwenye vituo vyake, mkondo unaruka hadi ampea 18,000 hivi. Ukisogea mbali kwa waya, namba inashuka. Maana yake, bodi mbili zenye taa sawasawa, moja jirani na chumba cha transfoma na nyingine ghorofa ya nane, haziko kwenye hatari moja.

Na hatari yenyewe si joto peke yake. Kanda mbili zinazobeba mkondo zinasukumana au kuvutana, na nguvu hiyo inakua kwa mraba wa mkondo. Kanda zikiwa zimeachana milimita 25, kwa urefu wa sentimita 20, mkondo wa ampea 100 unaleta msukumo usiozidi uzito wa gramu 3 au 4. Shoti ya ampea 10,000, ambayo kilele chake cha kwanza kinaweza kufika 17,000, inaleta nyutoni 460 hivi. Huo ni uzito wa kilo 47, ndani ya boksi la plastiki. Si mchezo! Hapo unene wa shaba pekee hausaidii. Kinachopimwa ni vishikizo, nafasi kati ya kanda, na skrubu.

Uwezo huo huandikwa kwa kA, mara nyingi kando ya alama Icw. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61439 hakidai uthibitisho wa shoti kwa bodi zisizozidi kA 10. Kwa nyumba iliyo mbali na transfoma, basi, desturi ya dukani inaweza kutosha. Kwa hoteli au hospitali yenye transfoma yake, ni kubahatisha.

Nyutro iliyosahaulika

Tulifundishwa kuwa fezi tatu zikisawazishwa, nyutro haibebi kitu. Kwa balbu za nyuzi ni kweli. LED nyingi, hata hivyo, huvuta mkondo kwa vipande vipande, na hilo huzalisha mawimbi ya herezi 150 ambayo kwenye nyutro hayafutani, yanajumlishana. Mfano: kila fezi ina ampea 20 za msingi na 12 za wimbi hilo la tatu. Fezi inabeba jumla ya ampea 23 hivi, nyutro inabeba 36. Sasa fungua bodi uangalie kama basiba ya nyutro ni nyembamba kuliko za fezi.

Vipande vya waya

Basiba ya kitana ikikosekana, wengine huunga vipande vya waya kutoka breka hadi breka. Tatizo ni kwamba kituo cha breka ya kwanza kinabeba mkondo wa wote. Kiungo kilicholegea chenye miliomu 1, kikipitisha ampea 63, kinatoa wati 4 za joto kwenye nukta moja, saa zote. Kuchanganya kitana cha kampuni moja na breka za nyingine nako kuna shida yake: vituo visipolingana, meno hayakai vizuri, na majaribio ya kiwandani hayakuhusu mchanganyiko huo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza njia ngapi, uliza haya: shoti hapa inafika kA ngapi? Bodi imethibitishwa kwa ngapi? Nyutro inalingana na fezi? Kitana na breka ni vya seti moja?

Lawama kubwa haimwendei muuza duka. Inamwendea anayeandika kwenye makadirio "bodi ya njia 12, ampea 100" na kuishia hapo. Maswali hayo manne amemwachia mtu ambaye hajawahi kuliona jengo.