Titans na Jina la Shule Yao

Filamu ya Remember the Titans, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2000, nimeitazama mara nne, na kila mara machozi yamenilengalenga pale pale ilipokusudiwa yanilengelenge. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kwamba naandika kwa kinyongo. Kazi iliyosukwa kwa ustadi kiasi hicho ndiyo hasa inayofaa kuulizwa maswali, maana watu wengi wanaichukua kuwa historia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1971 mji wa Alexandria, Virginia, ulio pembezoni mwa Washington, ng'ambo ya mto Potomac, uliwachukua wanafunzi wa madarasa mawili ya mwisho katika shule zake tatu za sekondari za serikali, Hammond, George Washington na T.C. Williams, ukawaweka wote katika hiyo ya tatu. Herman Boone, Mweusi, akapewa ukocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani (ule mchezo wa kukumbatia mpira na kuangushana, si kandanda yetu). Bill Yoast, Mzungu aliyekuwa akipendwa sana mjini, akawa msaidizi wake. Vijana wakachukiana, wakapelekwa kambini Gettysburg, wakarudi ndugu, wakashinda michezo yote 13 na ubingwa wa jimbo.

Kambi ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote. Boone anayeigizwa na Denzel Washington anajua kwamba chuki haiondoki kwa kuambiwa iondoke, basi anaanza na mambo madogo: mabasi yanapakiwa kwa nafasi za uwanjani, washambuliaji hili na walinzi lile, si kwa rangi, Mweusi analala chumba kimoja na Mzungu, kila mmoja anatakiwa aulize habari za mwenziwe, za nyumbani na za wazazi, kisha ajibu akiulizwa. Hotuba yake ya makaburini alfajiri siihesabu. Hiyo ni ya watazamaji. Kazi imefanywa na mabasi na vitanda.

Baada ya kambi, hata hivyo, filamu inahamia uwanjani na kuisahau shule. Tunaoneshwa ngumi kwenye ukumbi na mabango mlangoni, lakini darasani hatuingii kabisa. Nani alifundisha nini, nani aliketi na nani, yule asiyeweza kukimbia wala kuangusha mtu alipata wapi undugu wake? Hapa ndipo maudhui yanapoanza kuyumba. Tunaambiwa kwamba ushindi uliuponya mji, na ili tuamini, ushindi umefanywa mgumu. Fainali katika filamu inaamuliwa na mchezo wa mwisho kabisa, dhidi ya shule ya Marshall. Kwa kweli Marshall walikuwa wapinzani wagumu wa katikati ya msimu. Fainali ilichezwa Roanoke dhidi ya Andrew Lewis, na Titans walishinda 27 kwa 0.

Mwandishi wa filamu ana haki ya kubadili mambo, na sina ugomvi naye kwa hilo. Lakini badiliko hili linaficha hesabu rahisi. Ukikusanya wachezaji bora wa shule tatu ukaunda timu moja, umeunda jitu, na jitu huwashinda wengine hata kama wachezaji wake hawajapendana sana. Tena, timu tatu zikiwa moja, nafasi nazo hupungua kufikia theluthi. Kila kijana aliyevaa jezi ya Titans alikuwa amemwacha mwenzake mmoja au wawili nje ya mstari. Wale nje ya mstari filamu haina habari nao.

Wala haikuwa mwanzo wa kuchanganyika. Watoto Weusi wa kwanza waliingia shule za Wazungu za Alexandria mwaka 1959, na shule ya sekondari ya Weusi, Parker-Gray, ilikoma kuwa sekondari mwaka 1965. Kote Kusini mwa Marekani shule za Weusi zilipofungwa, walimu wakuu, walimu na makocha wao wengi walipoteza vyeo au kazi. Hilo ndilo lililokuwa la kawaida: Mweusi kumpisha Mzungu. Filamu inaligusa kwa maneno machache tu, Boone anaposema jinsi alivyorukwa kule North Carolina. Kisha inatumia karibu saa mbili kutuomba tumhurumie Yoast kwa msiba ambao watu wa upande wa pili waliupata kwa wingi zaidi. Namhurumia Yoast, ni mtu mwema na mwigizaji wake, Will Patton, anamwigiza kwa utulivu wa kupendeza. Ila nilitamani kuliona hata shati la kocha mmoja wa Parker-Gray.

Yupo pia binti mdogo wa Yoast, anayeujua mchezo kuliko watu wazima wote kwenye majukwaa. Tunacheka naye. Hakuna anayeuliza angecheza nini akifika sekondari, ilhali sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu ilipitishwa mwaka 1972, msimu huo ukiwa umekwisha.

Linaloniudhi kuliko yote ni jina. Kila mchezo tunasikia T.C. Williams likiimbwa kama wimbo wa ukombozi. Huyo T.C. Williams alikuwa msimamizi wa shule za mji ule hadi mwaka 1963, naye aliupinga mchanganyiko kwa nguvu zote. Mwaka 1958 alimfukuza kazi mpishi Mweusi wa shule kwa kuwa mama huyo alijiunga na kesi ya kudai watoto wapokelewe katika shule za Wazungu. Vijana Weusi na Wazungu waliumizana na kutoka jasho wakilitangaza jina la mtu ambaye asingewaruhusu wavae jezi moja. Kejeli kubwa kama hiyo mtunzi huipata mara moja maishani, na filamu imeipita bila kuitazama.

Mwaka 2020 bodi ya shule za Alexandria ilipiga kura jina liondolewe, na tangu Julai 2021 shule inaitwa Alexandria City High School. Timu zake bado zinaitwa Titans.