Mishororo 12 ya Seva ya Saa

Umeme ukikatika wakati seva ya saa inaandika programu dhibiti mpya kwenye kumbukumbu yake, kifaa hubaki hakina toleo la zamani wala jipya. Taa ya mbele inawaka, lakini ukikiuliza saa hakijibu. Kwa kawaida programu ndogo ya kuwashia huwa imewekwa mahali pake, ambapo usasishaji haupagusi. Hapo ndipo fundi anapopatia mlango: huchomeka waya wa siriali, hukikamata kifaa kabla hakijaanza kupakia mfumo, hukipa toleo jingine kwa njia ya TFTP, itifaki nyepesi ya kuhamisha faili, hungoja hesabu ya ukaguzi ikubali, kisha hukiwasha upya. Kwa kifaa kikuukuu, toleo linalopatikana mara nyingi ni la miaka mingi nyuma, maana mtengenezaji alishaacha kukihudumia.

Kazi ya mhakiki inaanza baada ya hapo, seva inapotoa maandishi yake ya kwanza tangu kufufuka: jibu la NTP, itifaki ya kulinganisha saa kwenye mtandao, lenye baiti 48 tu. Watu wengi huangalia saa iliyomo ndani ya jibu hilo na kuondoka. Mimi nasema umbo la jibu lenyewe lina habari nyingi kuliko saa, na fundi asiyesoma umbo anaweza kukirudisha kazini kifaa ambacho bado kinaumwa.

Vipimo vya kwanza vya NTP viliandikwa mwaka 1985 na David Mills, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani. Toleo la nne lilichapishwa mwaka 2010 katika waraka RFC 5905, na humo jibu hilo limechorwa kama mishororo 12, kila mmoja biti 32. Hakuna mshororo unaozidi wala unaopungua. Aliyelelewa katika tungo za arudhi atajiona yuko nyumbani: mizani imefungwa, na kila neno limetengewa mahali pake kabla mtunzi hajasema lolote. Tena mshororo wa biti 32 unagawanyika vizuri katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili, biti 16 kwa 16, na mgawanyo huo utatufaa baadaye.

Tusome mshororo wa kwanza wa seva ambayo imewaka lakini haijaona setilaiti za GPS, ambako huchukua saa yake. Kwa hesabu ya msingi wa 16 unaweza kuandikwa hivi: e4 00 06 ec. Saa kadhaa baadaye, antena ya juu ya paa ikiwa imefanya kazi yake, seva hiyohiyo hujibu: 24 01 06 ec. Nusu ya pili haikubadilika. Ile 06 inataja mwendo wa kuulizana, sekunde 64, nayo ec ni kipimo cha uchache ambao saa ya kifaa inaweza kuutofautisha, karibu mikrosekunde moja. Mabadiliko yote yako mwanzoni. Tofauti ya e4 na 24 ni biti mbili za kwanza: zilikuwa 11, zimekuwa 00. Biti hizo kwa kawaida hutangaza sekunde ya nyongeza inayokuja, lakini zikiwa zote moja maana yake ni kwamba saa hii haijalinganishwa na chochote. Baiti ya pili inathibitisha. Sifuri ni daraja lisilojulikana, na moja ni seva iliyoshikana moja kwa moja na chanzo cha muda.

Nalipenda sana jambo hili katika utunzi wa Mills. Kukiri kutojua kumewekwa kuwa neno la kwanza kabisa la tungo, kabla ya toleo la lugha, kabla ya saa yenyewe. Msomaji hawezi kuufikia wakati bila kupita kwenye onyo.

Onyo hilo linarudiwa mshororo wa nne, ambao una nafasi ya herufi nne. Seva iliyotoka kuwaka huandika INIT. Ikipona huandika GPS na kujaza nafasi ya nne kwa sifuri, ili mizani itimie. Mishororo miwili inayofuata hutaja mara ya mwisho saa iliporekebishwa, nayo kwa seva ambayo haijawahi kurekebishwa ni sifuri tupu. Mahali patatu, namna tatu, ujumbe mmoja: usiniamini bado. Mshororo wa tatu unabeba hata ukubwa wa shaka. Kanuni huikuza shaka hiyo kwa mikrosekunde 15 kila sekunde inayopita bila marekebisho, sawa na takriban sekunde 1.3 kwa siku.

Mishororo sita ya mwisho ni ya kujibizana. Anayeuliza huandika saa aliyotuma swali. Seva humrudishia saa hiyo neno kwa neno, kisha huongeza saa iliyopokea na saa iliyojibu. Nyakati tatu, kila moja mishororo miwili. Lakini hesabu ya kupata tofauti ya saa inahitaji nne. Wa nne, yaani wakati jibu lilipofika, haumo katika maandishi na hauwezi kuwamo, kwa kuwa unajulikana na msomaji peke yake. Tungo imeachwa wazi kwa kipimo, na anayepokea ndiye anayeikamilisha. Humo pia mna dhana ambayo haikuandikwa katika mshororo wowote: kwamba safari ya kwenda na ya kurudi zina urefu mmoja. Njia zikitofautiana, kosa huingia kimyakimya kwa nusu ya tofauti hiyo.

Mpaka hapa umbo linastahili sifa. Sasa udhaifu wake, ambao seva iliyorudishiwa programu ya zamani huudhihirisha kuliko kitu kingine.

Ujumbe wa asili wa GPS hutaja namba ya wiki kwa biti 10 tu. Wiki 1024 zikiisha, hesabu hurudi sifuri, na ilifanya hivyo Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Ni programu ya kipokezi kilicho ndani ya seva inayokisia tuko mzunguko upi, na programu ya zamani hukisia mzunguko uliopita. Chukua usiku wa manane wa 1 Januari 2025 kwa UTC. Katika NTP, inayohesabu sekunde kuanzia 1900, mshororo wake ni eb1f 0400. Kipokezi kilichorudi nyuma wiki 1024 kitatoa c635 0400, yaani usiku wa manane wa 18 Mei 2005.

Tazama mahali kosa lilipoingia. Wiki 1024 ni sekunde 619,315,200, na namba hiyo inagawanyika kwa 65,536 bila baki. Kwa sababu hiyo kosa lote limekaa katika ukwapi. Utao haukuguswa hata tarakimu moja, wala mshororo unaofuata, unaobeba vipande vya sekunde. Siku ya juma ni ileile, Jumatano. Dakika ni sahihi, mpigo wa sekunde ni sahihi kwa kiwango cha chini ya mikrosekunde, na mwaka umekosewa kwa karibu miaka 20. Mshororo wa kwanza unasema 24 01. Wa nne unasema GPS. Shaka iliyotajwa ni ndogo mno. Kila mahali palipotengwa kwa ajili ya kukiri, seva inajitangaza kuwa nzima.

Umbo hili linaweza kusema sijui, ila halina pa kusema huenda najua vibaya. Daraja la 1 linapima ukaribu na chanzo, halipimi ukweli wa chanzo. Hata mzunguko wa NTP yenyewe haukupewa nafasi katika mishororo 12. Tarehe 7 Februari 2036, saa 3:28:16 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mshororo wa sekunde utarudi kuwa sifuri. Sifuri hiyohiyo, ikifuatwa na sifuri za vipande vya sekunde, ndiyo alama iliyoteuliwa kwa muda usiojulikana. Hilo ni pengo la kweli la utunzi, na wembamba wa pakiti haulitetei, maana biti chache tu zingetosha kutaja mzunguko.

Kuna kosa dogo pia, gumu zaidi kulinasa. Tangu 1 Januari 2017 saa ya GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Kipokezi hupata idadi hiyo kutoka angani, katika ujumbe unaochukua dakika 12 na nusu kukamilika. Kikianza na idadi iliyohifadhiwa katika programu ya 2006, ambayo ni 14, kinaweza kutangaza saa iliyotangulia kwa sekunde 4 hadi ujumbe umalizike. Mwaka 2005 utashtua mtu. Sekunde 4 zitapita bila kuonekana, ila kumbukumbu za miamala zitapangika kinyume.

Ulinzi uko kwa msomaji. Programu ya ntpd, inayorekebisha saa ya mashine kwa NTP, hugoma na kujizima ikiona tofauti inayozidi sekunde 1000, isipokuwa imewashwa kwa ruhusa ya kuruka mara ya kwanza, na mashine nyingi huwashwa hivyo. Mashine itakayowashwa upya asubuhi ya matengenezo, ikiwa haina mwingine wa kumuuliza, itaingia 2005 bila ubishi. Kwa hiyo fundi aiache seva iliyofufuka ifanye kazi zaidi ya dakika 12 na nusu kabla ya kuiunganisha na wengine, kisha aweke mishororo yake kando ya ile ya seva nyingine tatu zenye vyanzo tofauti, akianza kusoma na ukwapi wa sekunde.