Ustadi wa Kale na Ustadi wa Leo katika Trayali ya Pikipiki

Binadamu ana desturi mbili mbaya anapolinganisha zamani na sasa. Ya kwanza aghalabu ni ya wazee: husema kwamba mashujaa wamekwisha pita, na waliobaki ni vivuli vyao. Ya pili ni ya vijana: hudhani kwamba ulimwengu ulianza siku walipofumbua macho. Ya kwanza huwanyima walio hai haki yao. Ya pili huwanyima waliotangulia. Mhakiki hana budi kujihadhari na zote mbili, maana kazi yake yafanana na ya hakimu: husikiliza pande mbili kabla ya kutamka neno. Na tuijaribu kazi hiyo katika jambo ambalo wapenzi wa pikipiki hubishana sana juu yake: je, wapandaji wa trayali wa kale walikuwa mahodari kuliko wa leo?

Trayali si mashindano ya mbio. Mpandaji huingia katika kipande kifupi cha njia kilichotengwa kwa makusudi, chenye mawe, magogo, maji ya kijito au mteremko wa tope, naye hutakiwa kukipita pasipo kugusa ardhi kwa mguu. Akigusa mara moja hutiwa alama 1 ya adhabu. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, alama 3. Akianguka au akishindwa kukipita, alama 5. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo kinachopimwa hapa si kasi, bali utulivu wa moyo, mizani ya mwili, wepesi wa mkono juu ya klachi na jicho la kuchagua njia. Mashindano ya Siku Sita ya Uskoti, ambayo yalianza mwaka 1909, ni katika ya kale na yenye heshima kubwa.

Wanaoitetea zamani humtaja Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast. Mtu huyu alikuwa bingwa wa Uingereza kila mwaka tangu 1959 hadi 1969, yaani mara 11 mfululizo, na mashindano ya Uskoti aliyashinda mara 5. Sehemu kubwa ya sifa yake aliipata juu ya Ariel ya sentimita 500 za ujazo, mashine nzito ambayo hata baada ya kupunguzwa uzito kwa bidii ilibaki na kilo zaidi ya 100. Wanaoitetea leo humtaja Toni Bou wa Hispania. Yeye alitwaa ubingwa wa dunia wa nje kila mwaka tangu 2007 hadi 2024, na katika miaka hiyo hiyo akatwaa pia ule wa ndani ya majumba. Hupanda kwa pikipiki majabali yenye kimo cha mtu, jambo ambalo katika siku za Ariel hakuna mwandalizi ambaye angethubutu kulitaka kwa mshindani.

Wengi hukata hukumu papo hapo kwa kuhesabu ushindi: 18 ni nyingi kuliko 11, basi shauri limekwisha. Hoja hii ni dhaifu. Ushindi hautupi kimo cha mtu. Hutupa tofauti tu kati yake na wale alioshindana nao. Mti mrefu katika kichaka cha miti mifupi huonekana jitu, na mti ulio mrefu zaidi waweza kufichika katika msitu mkubwa. Tena ubingwa wa dunia wenyewe ulianza mwaka 1975, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mwingereza Martin Lampkin. Miller alikuwa amekwisha maliza miaka yake ya ushindi mkubwa kabla kombe hilo halijakuwapo. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutokula chakula ambacho hakijapikwa.

Wengine huleta hoja ya alama. Hiyo nayo haituvushi. Waandalizi wa trayali huchagua mawe na miteremko kwa kutazama uwezo wa washindani walio mbele yao. Vipande vikiwa vyepesi mno, wote watapita bila adhabu na mashindano yatakuwa hayana maana. Vikiwa vigumu mno, wote watapata 5. Basi kila wapandaji wanapozidi kuwa hodari, njia nayo huzidishwa ugumu. Alama 10 za mwaka 1965 na alama 10 za leo ni majina mawili yanayofanana ya vitu viwili mbalimbali. Atakaye kupima kwa mizani inayosogea hana budi kwanza kujua imesogea kiasi gani.

Hoja ya tatu ni ya chombo, nayo ina uzito zaidi. Pikipiki ya leo ya trayali ina kilo kama 70. Tairi zake hung'ang'ania jiwe, breki zake hutii kidole kimoja, na springi zake humsaidia mpandaji kuruka. Wapenzi wa zamani husema, "Mpeni huyo bingwa wenu Ariel, tuone." Maneno haya yana ukweli, lakini hayakutimia. Yanasahau alivyofanya Miller mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1964 aliiacha Ariel akajiunga na Bultaco ya Hispania, akasaidia kuunda mashine nyepesi ya sentimita 244, na mwaka 1965 akaishindia huko Uskoti. Aliyeimudu mashine nzito kuliko wote hakuona kwamba uzito ni fadhila. Aliuona ni kizuizi, akauondoa mara alipopata njia. Kumsifu kwa mzigo aliotua mwenyewe ni kumsifu nusu, na kuiacha nusu iliyo bora.

Baada ya hoja hizo twaweza kuutazama ustadi wenyewe. Zamani kanuni iliyotawala ilikuwa kwamba pikipiki isisimame. Mpandaji aliingia, akaenda polepole bila kukatiza mwendo, akatoka. Kosa la hatua ya kwanza lilimfuata mpaka ya mwisho. Kanuni hiyo imelegezwa na kukazwa kwa nyakati mbalimbali, na kila ilipolegezwa palizaliwa ustadi mwingine: kusimama juu ya magurudumu mawili bila kwenda, kuinua gurudumu na kugeuka mahali pamoja, kisha kuruka. Mmarekani Bernie Schreiber, bingwa wa mwaka 1979, alijulikana kwa kugeuka kwa namna hiyo. Baada yake Jordi Tarrés wa Hispania, ambaye alijifunza kwanza juu ya baiskeli, aliuleta ustadi wa baiskeli katika pikipiki, akawa bingwa wa dunia mara 7 kati ya 1987 na 1995. Kwa hiyo ustadi wa kale na wa leo si ngazi moja yenye vidato vya chini na vya juu tu. Mmoja ni ustadi wa mwendo usiokatika, na mwingine ni ustadi wa kutulia na kulipuka.

Je, wa leo wamepoteza ule wa kwanza? Hapa pana ushahidi mwema. Dougie Lampkin, mwana wa yule Martin, alikuwa bingwa wa dunia kila mwaka tangu 1997 hadi 2003, wakati wa mawe makubwa na kuruka. Hata hivyo alikwenda Uskoti, ambako mshindani hupanda siku sita katika mvua na vijito na kusimama huleta adhabu, akashinda huko mara nyingi kama baba yake alivyoshinda kabla yake. Mtu wa leo, basi, aweza kuumudu ustadi wa kale akijitaabisha kuutafuta.

Hukumu yetu ni hii. Tukiuliza kipi kigumu zaidi kinachofanywa juu ya pikipiki, jibu ni kazi ya leo, na kulikataa hilo ni kufumba macho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye nguvu naye asinyimwe yake. Lakini tukiuliza nani alikuwa mpandaji mkubwa zaidi, tusipime kwa kimo cha jiwe. Tuulize maswali mawili: mtu huyu alikuta nini, na aliacha nini? Miller alikuta mashine nzito akaacha nyepesi. Tarrés alikuta magurudumu yaliyozoea kuviringika akaacha yanayoruka. Bou alikuta kimo walichofikia wengine, naye akawalazimisha waandalizi kutafuta majabali makubwa zaidi. Kila mmoja alisimama juu ya bega la aliyemtangulia, na bega halipungukiwi heshima kwa kuwa chini.

Kipimo hiki chafaa pia kwa wakimbiaji, kwa washairi na kwa mafundi wa kila kazi. Kijana atakayekitumia hatamdharau mzee kwa kuwa alifanya madogo, wala mzee hatamdharau kijana kwa kuwa amepewa vyombo bora. Kila mmoja atadaiwa kwa kadiri ya alichokabidhiwa, na waliokabidhiwa vingi zaidi ni sisi.