Maneno ya Mke wa Macbeth

Walimu wengi, wafundishapo mchezo wa Macbeth, huwaambia wanafunzi kwamba mke ndiye aliyemponza mumewe. Nami nalifundisha hivyo miaka mingi, kabla sijayatazama vema maneno yenyewe.

Shakespeare aliutunga mchezo huo yapata mwaka 1606, ukapigwa chapa mwaka 1623, naye amekwisha kufa. Habari zake alizitoa katika tarikh ya Holinshed, ambamo mwanamke huyu atajwa kwa maneno machache tu, ya kuwa alikuwa na tamaa kubwa ya kuitwa malkia. Basi ufasaha wake wote ni kazi ya Shakespeare.

Macbeth, akiwa peke yake, ana hoja zenye nguvu. Duncan ni jamaa yake, tena ni mfalme wake, tena ni mgeni wake usiku ule. Na mwenye nyumba impasa kumfungia mlango muuaji, wala si kushika kisu mwenyewe. Lakini mkewe aingiapo, hamtajii hata moja katika hizo. Amwambia tu kwamba mfalme amemheshimu, na watu wanamsifu. Silaha zake zilizo bora ameziacha nyuma, kana kwamba aona haya kuzitoa mbele ya mkewe.

Naye bibi hashindani naye juu ya haki na dhuluma. Amwuliza kama tumaini lake lilikuwa limelewa. Asema kuwa tangu sasa atayapima mapenzi yake vivyo hivyo. Kisha amwita mwoga. Macbeth ajibu kwamba athubutu kutenda yote yampasayo mtu, na apitaye hapo si mtu tena. Hapa pana fundo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili twaliona upesi kuliko Waingereza. Wao wana neno moja kwa mtu na kwa mwanamume. Sisi tunayo mawili. Macbeth asema habari za utu. Mkewe alidaka neno lile lile, akalirudisha kwa maana ya uanaume: ulipothubutu, ndipo ulipokuwa mwanamume. Macbeth hakutambua kwamba amebadilishiwa neno mkononi. Samuel Mushi alipoufasiri mchezo huu kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 1968, hapana shaka alilikuta fundo hilo.

Ndipo bibi alipotaja mtoto mchanga, ya kwamba yeye angaliweza kumtoa titini na kumwua, kama angaliapa kama alivyoapa mumewe. Neno la kutisha mno! Lakini yeye huyu, saa ile ya kuua, alishindwa kumchoma Duncan, kwa sababu usingizini alifanana na baba yake.

Baada ya hayo Macbeth auliza, Je, tukishindwa? Kwa swali hilo amekwisha kushindwa. Hakuuliza tena kama jambo ni ovu, bali kama litafaulu. Na kwa hilo mkewe ana jibu tayari: walinzi wawili, mvinyo, na lawama kuwekwa juu yao.

Wala mimi simwondolei Macbeth hatia. Yatosha kumtazama baadaye, awatumapo watu kumwua Banquo. Wao wanamwambia kwamba ni wanaume. Naye awajibu kwamba hata mbwa wana aina zao, mwenye mbio na koko, ijapokuwa wote huitwa mbwa. Ni hila ile ile ya mkewe. Na safari hii mkewe hakupewa hata habari.