Kishimo Kilichogeuka Rangi: Jinsi Kingamwili za Wasiougua Zilivyohesabiwa Kisumu

Kufikia tarehe 31 Julai 2020, miezi minne na nusu hivi baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya, walioorodheshwa kuwa wameambukizwa walikuwa 20,636 na waliofariki 341, idadi ndogo mno kuliko maafa yaliyokuwa yametabiriwa. Takwimu hizo zilitokana na kipimo cha PCR, ambacho husaka chembe za urithi za virusi katika ute wa pua na koo, na kwa hiyo humnasa mtu katika kipindi kifupi tu ambapo virusi vingali mwilini mwake, tena iwapo amefika mahali pa kupimwa. Mchuuzi wa omena wa ufuo wa Dunga, Kisumu, ambaye hakukohoa wala kushikwa na homa hakuwa na sababu ya kupanga foleni, na maambukizi yake yalipita bila kuandikwa popote isipokuwa ndani ya damu yake mwenyewe.

Kinachobaki katika damu ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili zishikamane na umbo mahususi la mvamizi. Aina ya IgM hutokea mapema na kutoweka upesi. Aina ya IgG hukawia kidogo lakini hudumu zaidi, na ndiyo iliyosakwa na watafiti wa mpango wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya (KEMRI) na Wellcome Trust wenye makao yake Kilifi. Badala ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba wakati ambapo watu walikuwa wamekatazwa kukaribiana, watafiti hao walitumia mabaki ya damu iliyokwisha kutolewa katika vituo vya kanda vya huduma ya kitaifa ya uongezaji damu, kikiwamo kile cha Kisumu, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu ambayo haitajwi vya kutosha: kanuni za uchangiaji damu humtaka mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, awe na uzito usiopungua kilo 50, na asiwe ameugua katika miezi sita iliyotangulia. Hivyo kila mkono ulionyooshwa kituoni ulikuwa, kwa mujibu wa kanuni, wa mtu anayejiona mzima, na kingamwili zilizopatikana humo zilikuwa kwa sehemu kubwa zao la maambukizi yasiyo na dalili.

Kipimo chenyewe, kiitwacho ELISA, hufanyika katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Vishimo hupakwa protini ya miiba, ile ambayo virusi huitumia kujishikiza kwenye seli, kisha seramu, yaani majimaji ya damu, iliyozimuliwa hutiwa, na baada ya muda huoshwa ili kila kisichoshika kiondoke. Hapo hutiwa kingamwili nyingine inayoitambua IgG ya binadamu, ambayo imefungiwa kimeng'enya, na mwishoni kabisa dawa ambayo kimeng'enya hicho huigeuza rangi. Palipo na IgG nyingi hukolea rangi, pasipo na kitu hubaki peupe, lakini baina ya hayo mawili kuna vishimo vingi vyenye rangi hafifu ambavyo jicho haliwezi kuviamulia. Mashine hupima ukolezi wa rangi, na watafiti waliamua kwamba sampuli iliyozidi mara mbili ya kidhibiti kisicho na kingamwili ndiyo itakayohesabiwa kuwa chanya.

Mstari huo wa mara mbili ndio moyo wa kazi nzima, kwa kuwa popote utakapochorwa utawakosea baadhi ya watu. Ili kujua ukubwa wa makosa, kipimo kilijaribiwa kwanza kwa sampuli 910 zilizochukuliwa pwani ya Kenya mwaka 2018, kabla virusi havijakuwako, na tisa kati yake zikavuka mstari. Kisha kikajaribiwa kwa watu waliothibitishwa kuambukizwa, na kikawanasa asilimia 92.7. Tisa katika 910 huonekana si kitu, ila ugonjwa ukiwa bado haujaenea kosa dogo huwa kubwa. Katika watu 1,000 ambao 43 kati yao wameambukizwa kweli, kipimo hiki kitawanasa 40, na papo hapo kitawaita waathirika watu wengine wapatao kumi ambao hawajawahi kuvikaribia virusi, kiasi kwamba mmoja katika kila watano wanaoonekana chanya si chanya. Ndiyo sababu hesabu ghafi ya asilimia 5.6, yaani wachangiaji 174 kati ya 3,098, ilishuka hadi asilimia 4.3 kwa nchi nzima baada ya kusahihishwa na kulinganishwa na muundo wa idadi ya watu, huku Mombasa ikiwa na asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Hata ikiwa imepunguzwa hivyo, asilimia 4.3 ya Wakenya wa umri wa kuchangia damu ni takribani watu milioni moja.

Hata hivyo swali gumu linawahusu wasiougua wenyewe. Katika utafiti uliofanywa wilayani Wanzhou, Chongqing, nchini China, na kuchapishwa Juni 2020, watu 37 wasio na dalili walilinganishwa na wagonjwa 37 wenye dalili, na ikaonekana kwamba IgG ya kundi la kwanza ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Wiki chache baada ya kupona, asilimia 40 ya wasio na dalili hawakuwa tena na IgG iliyoweza kupimika, dhidi ya asilimia 12.9 ya wenzao. Kundi lilikuwa dogo na kipimo kilikuwa tofauti na cha Kilifi, lakini mwelekeo wake unaeleweka: virusi vilivyozimwa mapema, kabla havijazaana sana, huupa mwili kichocheo kidogo. Kipimo kikiwanasa wasiougua kwa asilimia 75 badala ya 92.7, basi 5.5 ya Kisumu, kwa hesabu nyepesi, hupanda hadi karibu 6.8.

Kando ya Ziwa Viktoria, iliko Kisumu, kuna nguvu nyingine inayoivuta namba upande wa pili, nayo ni malaria. Vimelea vyake huchochea seli za kinga kwa wingi na bila uteuzi, na maabara kadhaa zimeona seramu za watu wa maeneo yenye malaria zikishikamana na protini za korona pasipo maambukizi. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko zote Kenya, ilhali sampuli 910 za kulinganishia zilitoka pwani, ambako malaria pia ipo ila si kwa kiwango kile. Kama kwa damu ya Kisumu kipimo kingekosea watu watatu katika mia badala ya mmoja, 5.5 ingeporomoka hadi karibu 3.4. Heshima iliyo haki ya kazi hii haipungui mtu akisema kwamba namba ya Kisumu ingesimama imara zaidi kama ingepimwa dhidi ya damu ya zamani ya Siaya, Homa Bay na Kisumu yenyewe.

Duru ya baadaye ya wachangiaji damu, ya Januari hadi Machi 2021, ilikadiria kwamba asilimia 48.5 walikuwa na kingamwili, na kwa kiwango hicho makosa ya mstari hayatikisi tena picha. Lakini IgG inayoonekana kishimoni huthibitisha kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi, bila kueleza kama ina nguvu ya kuvizuia vikirudi kwa umbo jingine. Mei 2021 aina ya Delta iligunduliwa Kisumu, na Juni serikali ikaziwekea kaunti 13 za kanda ya ziwa na magharibi amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni, katika nchi ambayo karibu nusu ya wachangiaji wake wa damu walikuwa wamekwisha kugeuza rangi ya kishimo miezi mitatu tu kabla yake.