Land Rover Kuukuu na Tela la Mbao

Dereva mzoefu wa Land Rover 109 hakubali tela lake lipakiwe yeye hayupo. Mbao za Mafinga zinapopangwa yeye husimama pembeni, akielekeza: nzito chini, uzito mwingi mbele kidogo ya ekseli, kamba zikazwe upya. Kisha hushika mkono wa tela na kuupima. Ukinyanyuka kirahisi mno, mzigo umelalia nyuma, na mbao zinashushwa zote. Wapo wanaonung'unika kwamba anawacheleweshea safari. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe. Tela la tani moja linatakiwa kuilalia ndoano kwa kilo 100 hivi. Likikosa uzito huo, mwendo ukichanganya litaanza kuyumba, kila yumbo likizidi lililotangulia, mpaka linaliburuta na gari lenyewe. Ukizidi mno nao, springi za nyuma hudidimia, magurudumu ya mbele yakawa mepesi na usukani ukapoteza utii.

Gari lenyewe ni la miaka ya sabini: injini ya petroli ya lita 2.25, gia nne, breki za dramu magurudumu yote. Lina uzito wa tani moja na nusu hivi, na tela mara nyingi halina breki zake. Ndiyo maana mteremko wa Kitonga, kwa anayetoka Iringa kwenda Morogoro, unaheshimiwa.

Juu kabisa, kabla barabara haijainama, tayari ameshaingiza gia ya kupandia mlima. Injini inanguruma na kulizuia gari. Breki anaikanyaga sawasawa kwa muda mfupi, kisha anaiachia ipoe, kwa maana dramu ikipata moto hutanuka ikajitenga na breki shuu, na pedali ikazama. Anajua pia kwamba kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 60 ni kuongeza kazi ya breki zaidi ya maradufu. Tela likitikisika, anainua mguu kwenye mafuta na kuunyoosha usukani, basi, hagombani nalo.

Malori yanampita yakipiga honi. Anayaacha yaende.

Chini, anaegesha, anaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na kupitisha kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu la tela. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, anateremsha jeki na kuanza kufungua beringi.