Mwiba Mguuni, Ndevu Usoni: Kuhakiki Uigizaji wa Rin Tin Tin

Rin Tin Tin husifiwa zaidi kwa maisha yake kuliko kwa kazi yake. Tunasimuliwa kwamba Lee Duncan, askari wa Marekani, alimwokota akiwa mtoto mchanga huko Flirey, Ufaransa, Septemba 1918. Kwamba alivushwa bahari. Kwamba filamu zake ziliinufaisha sana kampuni ya Warner Bros. katika miaka ya 1920. Huo ni wasifu. Mhakiki ana swali jingine: je, mbwa huyu aliigiza?

Tuichukue filamu ya Clash of the Wolves (1925). Rin Tin Tin ni Lobo, kiongozi wa mbwamwitu, anayewindwa na wafugaji. Mwiba wa dungusi unamchoma mguuni. Kwa kuwa kundi humgeukia mwenzao aliyejeruhiwa, Lobo anajitenga, akichechemea peke yake. Sinema ni bubu, na hapo hakuna binadamu wa kututafsiria maumivu yake. Mwili wake pekee ndio unaosimulia, nasi tunauelewa.

Wapo watakaopinga kwamba mbwa hajui kuwa yumo hadithini. Anatii mafunzo tu. Hoja hii ina uzito, ila inapima kitu kisichoonekana. Hadhira haioni nia ya mwigizaji yeyote, awe mtu au mnyama. Huona kitendo, na kitendo hicho ama kinashawishi au hakishawishi. Kuchechemea kwa Lobo kunashawishi.

Kasoro inakuja baadaye, Lobo anapovishwa ndevu za bandia ili asitambuliwe na watu. Watazamaji hucheka, lakini filamu inapoteza ilichokijenga. Katika ngano zetu Sungura husema na kufanya hila kama mtu tangu mwanzo, nasi tunakubali kwa sababu ndiyo kanuni ya utanzu huo. Lobo tuliletewa kama mnyama. Ndevu zinamwazima ubinadamu ambao hakuuhitaji ili tumhurumie.

Naona hapa ndipo urithi wake unapopaswa kupimwa. Sauti ilipoingia kwenye filamu, maneno yakawa ndiyo kipimo cha mwigizaji, na mwishoni mwa 1929 Warner Bros. ikaachana naye. Alikufa mwaka 1932. Jina lake likapewa mbwa wengine, na likatumika katika mfululizo wa televisheni kuanzia 1954 hadi 1959. Jina linaweza kurithiwa hivyo, uigizaji hauwezi. Mwaka 2004 Clash of the Wolves iliingizwa katika orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kitaifa, na huo ndio ushahidi tulio nao wa kazi yake mwenyewe. Anayetaka kumjua Rin Tin Tin aanze na zile hatua za kuchechemea, kabla ya kusikiliza sifa zake.